Sura ya Saba: Mgeni Apewe Albamu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mgeni akishakaa na kusalimiana na wenyeji, hupewa albamu aangalie wakati chai ikichemka. Ni ile yenye jalada gumu na kurasa za nailoni, ndani yake harusi, ubatizo, mahafali, safari ya Hija, na mtoto aliyekalishwa juu ya stuli ya studio huku amekaribia kulia. Mwenyeji hamwachi mgeni na albamu peke yake. Huketi ubavuni pake, au hupaza sauti kutoka jikoni: "Huyo mwenye koti ni baba mkubwa, hapo ndiyo kwanza karudi kutoka Kampala. Na huyo aliyebebwa ndiye huyu aliyekuletea maji." Picha ishirini huweza kuchukua saa nzima, na mgeni akiinuka kuaga anaijua familia.

Nimeianza sura hii hapo kwa sababu kazi yote ya kuweka picha mtandaoni kwa ajili ya ndugu na marafiki inatafuta kitu hichohicho: aliye mbali akabidhiwe albamu, na akabidhiwe pamoja na mtu wa kumsimulia. Siku hizi tumekuwa hodari sana wa kurusha picha. Kuwapa watu albamu ni kazi nyingine, na hiyo bado wengi hatujaishika.

Haja yenyewe ni ya zamani. Familia za Unguja na Pemba zilitawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, hata leo mtu anaweza kuwa na dada Muscat, binamu Dubai na mjomba London. Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi wana jamaa Brussels. Wakenya na Watanzania wengi wana watoto Marekani na Kanada. Kabla ya intaneti, picha zilifuata njia hizo ndani ya bahasha ya barua ya ndege. Zanzibar watu walikwenda kupigwa picha kwenye studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendeshwa na mwanawe, Rohit Oza. Nakala moja ilibaki nyumbani, nyingine ilivuka bahari. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino: nani yumo, lini, wapi, na neno la ukumbusho kwa mpokeaji. Mwandiko ule ulikuwa msimulizi. Picha ikipotea njia na kuangukia mikononi mwa mjukuu aliyezaliwa Toronto, bado ilisema.

Sasa tazama harusi ya leo. Inaisha usiku wa Jumamosi, na kufika alfajiri grupu la ukoo kwenye WhatsApp lina picha mia nne. Zimerushwa na watu kumi na wawili, nyingi zinafanana, na katikati yake zimo salamu za asubuhi, dua, mchango wa mgonjwa na video ya kuku anayecheza. Kwa habari ya papo hapo hakuna chombo kinachoishinda WhatsApp, nami siwashauri ndugu waiache. Lakini picha inayotumwa pale kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa ili isafiri haraka, na ile tarehe na mahali ambavyo kamera iliviandika ndani ya faili huondolewa. Anayetaka ifike kama ilivyo lazima aitume kama hati. Na baada ya miezi sita, shangazi akiuliza iko wapi ile picha ya mama akimshika bibi harusi mkono, hakuna anayeweza kuipata.

Mfaransa mmoja anayeishi Marekani, Philippe Kahn, aliliona jambo hili mapema. Tarehe 11 Juni 1997, akiwa katika wodi ya wazazi huko Santa Cruz, California, aliunganisha kamera ndogo ya dijitali, simu yake ya mkononi na kompyuta ya mapajani, akatuma picha ya binti yake aliyezaliwa muda mfupi uliopita. Iliwafikia watu zaidi ya 2,000. Wengi hulitaja tukio hilo kwa sababu ya simu. Mimi hunivutia zaidi namna alivyoisambaza: picha ilikwenda kukaa mahali pamoja, kwenye kompyuta yake iliyounganishwa na mtandao, na jamaa na marafiki wakapelekewa barua pepe ya kuwaelekeza huko. Picha ikatulia, watu wakaitwa. Hadi leo albamu ya mtandaoni inafanya kazi kwa kanuni hiyo, uwe unatumia Google Photos, Flickr, iCloud au huduma nyingine yoyote.

Kwa nini basi nasisitiza kompyuta, wakati simu inaweza kupakia picha yenyewe huku mwenyewe umelala? Kwa sababu kupakia ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni kuchagua, kupanga tarehe na kuandika maelezo, na kazi hiyo inataka kioo kipana cha kutazama picha thelathini kwa pamoja, kibodi ya kuandikia sentensi nzima, na folda unazoweza kuziona zote. Mtu anaweza kuandika jina moja kwenye simu. Majina themanini atachoka kabla hajafika nusu.

Kuchagua ndiko kunakowashinda wengi. Mpigapicha wa harusi siku hizi hukabidhi flashi yenye picha elfu moja au zaidi, na mwenye shughuli, kwa kuwa amelipa, huona ni hasara kuacha hata moja. Azipakie zote, na ndugu aliye Oman ataangalia arobaini za mwanzo, ambazo ni za viti na mapambo ya ukumbi, kisha afunge. Kwa maoni yangu harusi moja isizidi picha mia moja na ishirini. Katika kila kundi la picha zinazofanana chukua moja. Chukua ile ambayo wazee wamefumba macho kidogo lakini wanacheka, uache ile waliyosimama wima kama wanasubiri kiapo. Hakikisha kila aliyesafiri kuja ameonekana angalau mara moja, kwa sababu mtu wa kwanza ambaye kila mtazamaji humtafuta ni yeye mwenyewe, wa pili ni mama yake. Na usiwasahau waliokuwa jikoni. Albamu nyingi zina picha ishirini za keki na hazina hata moja ya wanawake waliopika pilau tangu saa tisa za usiku.

Zile zilizobaki usizifute. Ziweke kwenye folda nyingine ya kompyuta, zikae huko.

Majina ya mafaili nayo yana faida kuliko yanavyodhaniwa. Kamera huita picha kwa herufi na tarakimu zisizosema lolote. Ukianza jina na mwaka, kisha mwezi, kisha siku kama unaijua, halafu shughuli na mahali, mfano 1974-08-Harusi-Tanga-012, kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati, leo na hata baada ya miaka thelathini, kwenye mashine yoyote. Ukianza na siku au na neno "harusi", mpangilio utavurugika mara tu folda zikiwa nyingi.

Picha za zamani zinataka mkono wa taratibu zaidi. Zitoe kwenye nailoni, zipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu na laini, uzipitishe kwenye skana. Kama huna, steshenari nyingi za mjini zinayo, ila kaa hapohapo mpaka kazi iishe na uondoke na picha zako zote. Omba nukta 600 kwa inchi. Picha ya kawaida ya inchi nne kwa sita itatoka na nukta 2,400 kwa 3,600, yaani zaidi ya milioni nane, na hiyo inatosha kuichapa tena kwa ukubwa mara mbili bila kuonekana ukungu. Ukikosa skana kabisa, iweke picha mezani karibu na dirisha, uipige kwa simu kutoka juu bila taa ya kamera. Kisha igeuze upige na mgongo wake. Nasema hivi kwa msisitizo: mgongo wa picha upigwe pia. Pale ndipo palipo na jina, mhuri wa studio na mwaka, na watu wengi huuacha.

Baada ya hapo rekebisha tarehe. Faili iliyotoka kwenye skana hubeba siku ya kuskaniwa, kwa hiyo albamu ya mtandaoni itampanga babu wa mwaka 1958 baada ya mahafali ya mjukuu wake. Kwenye Google Photos unaweza kuchagua picha nyingi kwa mkupuo mmoja na kuzibadilishia tarehe. Usipojua siku, weka mwaka, na kwenye maelezo andika kwamba ni makadirio. Huo ni ukweli ambao atakayekuja baadaye ataushukuru.

Ndipo tunapofika kwenye maelezo yenyewe, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Kosa linaloonekana karibu katika kila albamu ya ukoo ni kuandika "Shangazi na watoto wake." Shangazi wa nani? Kwa aliyeandika ni dada wa baba. Kwa mtazamaji mmoja huyo ni mama, kwa mwingine ni wifi, kwa mwingine ni bibi. Andika jina lake kamili, jina la baba yake, na lile jina ambalo nyumbani wanamwitia, kwa sababu watoto wengi wanamjua kwa hilo tu. Taja na mahali kwa namna itakayoeleweka hata na asiyewahi kufika: si "nyumbani" wala "kwa babu", ila mtaa na mji. Halafu ongeza sentensi moja ya kusimulia, ile ambayo ungeisema kama ungekuwa umeketi kando yake.

Sentensi hiyo mara nyingi hunayo wewe. Anayo mzee. Katika ukoo wetu kazi ilifanyika kwa simu ya video, mjukuu akiwa mbele ya kompyuta Muscat na bibi akiwa barazani Unguja, mjukuu akimwonyesha picha moja baada ya nyingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula bibi. Nakuonyesha picha hii, uniambie hawa ni nani."

"Huyo wa kushoto si babu yako huyo! Wa pili simjui... ngoja kwanza. Huyo ni fundi cherehani wa pale Darajani. Hizo suti zote nne kashona yeye, ndiyo wakamwambia na wewe njoo usimame. Muulize na mama yako, yeye kamuwahi."

Bila mazungumzo hayo fundi angebaki kuwa mtu wa nne asiyejulikana katika picha ya ndugu watatu, na pengine kuna siku mtu angemkata pembeni ili wabaki wenye ukoo. Sasa picha ile inaeleza urafiki, kazi na desturi ya wakati ule, na wajukuu wa fundi huyo wakiiona watajua babu yao alikuwa nani kwa jirani zake. Wazee wanaozijua nyuso hizi wanapungua kila mwaka. Skana haina haraka, itakuwepo. Bibi ndiye wa kuwahi.

Albamu ikishapangwa linakuja suala la nani ataingia. Huduma nyingi zina njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza kiungo na kukituma, na yeyote atakayekipata, hata aliyetumiwa na mtu wa tatu, ataona kila kilichomo. Ya pili ni kumwalika mtu mmoja mmoja kwa anwani yake ya barua pepe, na asiyealikwa hapati kitu. Kiungo ni chepesi kwa wazee wasiotaka kuhangaika na nywila, lakini kikishaingia kwenye grupu la watu mia mbili, hicho si cha familia tena. Kinaweza kuzimwa baadaye. Picha zilizokwisha kupakuliwa hazirudi.

Kwa watu wa mwambao tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Harusi ya Mombasa, Lamu au Zanzibar ina shughuli ambazo ni za wanawake peke yao: siku ya hina, singo, usiku wa kupamba. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, nguo ni za kupendeza wanawake wenzao. Mlangoni huwa pana mtu wa kuzuia simu, na mpigapicha ni mwanamke aliyepewa ruhusa. Ulinzi wote huo huvunjika kwa siku moja kama flashi ya mpigapicha atapewa kijana wa nyumbani "anayejua kompyuta" azipakie. Hata asipozisambaza, ameshaziona. Kwa hiyo picha za upande wa wanawake zishughulikiwe na mwanamke tangu mwanzo, ziwe na albamu yake, kwenye akaunti yake, na waalikwe kwa majina. Kama kompyuta ni ya nyumba nzima, afungue sehemu yake ya mtumiaji yenye nywila, na akimaliza atoke kwenye akaunti badala ya kufunga dirisha tu. Na waalikwa wakumbushwe kutozifungua mbele za watu. Ninaamini kwa dhati kwamba familia isiyoweza kutunza jambo hili ni bora isipandishe picha hizo mtandaoni kabisa, ichape nakala chache zikae kabatini.

Yapo na mengine yanayohitaji busara. Picha za wafu na mazishi: baadhi ya koo huzitaka, nyingine huona ni kuvunja heshima ya marehemu, na neno la mwisho ni la wafiwa wa karibu. Picha za waliotalikiana: mke wa kwanza anaonekana kwenye harusi zote za miaka ya themanini, na mke wa sasa amealikwa kwenye albamu. Kumkata mtu kwenye picha ni kuwadhulumu watoto wake. Ziweke salama kwenye folda yako, na wape watoto hao albamu yao yenye picha za mama yao. Mtoto mdogo anayeoga hana wa kumwombea stara isipokuwa wewe. Mtoto wa shule aliyevaa sare yenye beji, kwenye albamu yenye kiungo cha wazi, anamwambia mtu asiyejulikana mahali pa kumpata kila saa saba mchana.

Kuhusu mahali, simu nyingi huandika ndani ya picha nukta ya ramani ilipopigwa, na nukta hiyo inaweza kuwa ni mlango wa nyumba yako. Google Photos ina kitufe katika mipangilio ya albamu cha kuruhusu au kuficha mahali. Kwenye kompyuta ya Windows unaweza pia kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukaingia kwenye sifa zake, ukaondoa taarifa hizo kabla ya kupakia. Fanya hivyo kwenye nakala ya kupakia. Faili asili ibaki nazo, kwa sababu wajukuu watataka kujua.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni vizuri kuzijua, lakini ndani ya ukoo kinachotangulia ni kumuuliza mwenye picha. Swali la "naomba kuiweka hii, unaridhia?" halijawahi kumgombanisha mtu na ndugu yake.

Kupakia kwenyewe ni hesabu. Picha 300 zenye megabaiti nne kila moja ni gigabaiti 1.2. Kama laini yako inapandisha megabiti mbili kwa sekunde, zitachukua kama dakika themanini, na hiyo ni kama haikatiki. Wengi huangalia kasi ya kushusha wakasahau kwamba ya kupandisha mara nyingi ni ndogo zaidi. Pakia usiku, wakati bando ni rahisi na mtandao una nafasi, na gawa picha kwa mafungu ya hamsini ili mtandao ukikatika usianze upya. Tulitoka mbali: kabla ya waya wa SEACOM kuwasili kwenye pwani zetu mwaka 2009, intaneti ya Dar es Salaam na Mombasa ilitegemea zaidi setilaiti, na kupandisha picha kumi za harusi kwenye intaneti kafe lilikuwa jambo la kukaa nusu siku. Hata sasa nyaya hizo za chini ya bahari zina siku zake mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa pamoja, na Afrika Mashariki ikakaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Huo ni ukumbusho kwamba picha iliyo mtandaoni peke yake ni picha ambayo kuna siku hutaifikia.

Kwa mpokeaji albamu ni nafuu kuliko grupu. Anapoifungua huletewa kwanza vijipicha vidogo, na ile kubwa hushuka pale tu anapoigusa. Mama mdogo aliye Wete mwenye bando la wiki anaweza kuchagua tano anazozitaka, badala ya simu yake kujaa mia nne asizoziomba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na ambalo watu wachache huliamini mpaka liwakute. Kampuni za kuhifadhi picha hufa, hununuliwa, na hubadilisha masharti. Yahoo Photos ilifungwa mwaka 2007, na picha za asiyezihamisha kwa wakati zilifutwa. Kodak, jina ambalo dunia nzima ililijua kwa picha, ilikuwa na huduma kubwa ya albamu mtandaoni. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012, na kufikia Julai mwaka huohuo albamu hizo zilikuwa zimefungwa baada ya kuuzwa kwa Shutterfly. Picasa, iliyokuwa programu ya picha ya watu wengi kwenye kompyuta, Google iliistaafisha mwaka 2016. Photobucket mwaka 2017 iliwaambia watumiaji wake walipe dola 399 kwa mwaka kama wanataka picha zao zionekane kwenye tovuti nyingine. Flickr, iliyoanzishwa Vancouver mwaka 2004, ilipata kutoa terabaiti nzima bure. Baada ya kununuliwa na SmugMug mwaka 2018, ilitangaza kikomo cha picha 1,000 kwa wasiolipa. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza picha, video na nyimbo za miaka kumi na miwili wakati wa kuhamisha mitambo. Na Google Photos, iliyoanza mwaka 2015 kwa ahadi ya nafasi isiyo na kikomo, iliiondoa ahadi hiyo tarehe 1 Juni 2021. Sasa kila akaunti ina gigabaiti 15 za bure, zikigawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili.

Sizitaji ili kumtisha mtu asitumie huduma hizo. Nazitumia kila siku. Nazitaja ili picha asili zisitoke nyumbani. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni rahisi ya kutunza kazi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Kwetu inawezekana bila gharama kubwa. Moja ikae kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, moja kwa ndugu aliye mji mwingine, kwa sababu moto, mafuriko na mwizi huja nyumba moja kwa wakati. Flashi isihesabiwe. Hiyo ni ya kubebea.

Jihadhari pia na kufuta. Kwenye Google Photos ukifuta picha yako ili kupata nafasi, inatoweka na kwenye albamu uliyowashirikisha wenzako, na ikiwa simu yako imeunganishwa na akaunti hiyo huenda ikafutika na huko. Mtu aliyeongeza picha zake kwenye albamu ya pamoja akijitoa, picha zake huondoka naye. Kwa upande wa Apple, albamu za kushirikishana za iCloud hupunguza picha hadi nukta 2,048 kwa upande mrefu. Zinapendeza kutazama, ila hazifai kuwa nakala ya akiba. Mara moja kwa mwaka, labda wakati wa mapumziko ya Idi au Krismasi, ingia kwenye Google Takeout, upakue kila kitu chako, ukiweke kwenye diski.

Linabaki suala ambalo koo nyingi haziligusi. Albamu zote hizi ziko chini ya akaunti ya mtu mmoja, na mtu huyo atakufa. Tangu Desemba 2023 Google ina utaratibu wa kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili, pamoja na picha zake. Ina maana kwamba aliyekusanya picha za vizazi vinne akifariki bila kumwambia mtu nywila yake, kazi yake inaweza kuondoka kabla watoto hawajajua kwamba ipo. Dawa imo ndani ya mipangilio ya akaunti yenyewe: kuna sehemu ya kuchagua mtu atakayepewa mafaili yako ukikaa kimya kwa miezi utakayoitaja, na Apple nayo imeruhusu kumtaja mrithi wa akaunti tangu mwaka 2021. Zungumza kwanza na utakayemchagua, akubali, ajue diski iko kabati gani na albamu ya wanawake iko mikononi mwa nani. Kisha fungua mipangilio hiyo leo, kabla hujazima kompyuta, uandike jina lake.